Wasomaji Watano na Vumbi la Pullman

Mara ya kwanza kusoma Northern Lights ya Philip Pullman nilikuwa na umri wa miaka 17, na nakala niliyoipata kwa muuza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam, ilikuwa imepoteza jalada pamoja na kurasa mbili tatu za mwanzo. Kwa hiyo sikuiona mistari ya mshairi John Milton ambayo mwandishi ameitanguliza mbele ya hadithi, wala sikujua kwamba kitabu hicho, kilichochapishwa mwaka 1995, ni cha kwanza kati ya vitatu, kikifuatiwa na The Subtle Knife (1997) na The Amber Spyglass (2000). Nilichokiona ni msichana mtundu aitwaye Lyra, katika chuo kimoja cha Oxford, Oxford isiyokuwamo katika ramani zetu, akijificha kwanza nyuma ya kiti na kisha ndani ya kabati la nguo baada ya kumwona mkuu wa chuo akitia sumu katika mvinyo. Sikulala mpaka nilipofika kwa dubu wenye deraya.

Miaka mingi ilipita kabla sijatambua kwamba hata lile kabati lina lake. Katika hadithi mashuhuri ya C. S. Lewis ya mwaka 1950, msichana mwingine anaingia kabatini, anapenya kati ya makoti ya manyoya, na anatokea katika nchi ya theluji ambako simba mtakatifu atakuja kuwaokoa watu wake. Pullman, ambaye mwaka 1998 aliandika makala kali dhidi ya hadithi hizo katika gazeti la The Guardian, anamwingiza Lyra kabatini kati ya majoho na kumtoa katika chumba kilekile, akiwa amebeba siri ya wakubwa. Sikuhitaji kulijua hilo ili hadithi inikamate. Nilipolijua, hata hivyo, nilijihisi kama mtu aliyekaa miaka mingi katika nyumba na leo tu akagundua kwamba ukutani kuna mlango.

Mwalimu wa fasihi angeliita jambo hilo mwingilianomatini, na trilojia hii imejaa hilo kuliko riwaya yoyote ya vijana ninayoijua. Mwishoni mwa kitabu cha tatu Pullman mwenyewe anakiri kwamba amechukua kutoka kila alichowahi kusoma, kisha anataja madeni matatu makubwa: utenzi wa Milton wa Paradise Lost, unaosimulia uasi wa Shetani na anguko la Adamu na Hawa, maandishi ya William Blake, mshairi aliyekuwa pia mchoraji, na insha fupi ya Mjerumani Heinrich von Kleist kuhusu vikaragosi. Swali lililotukutanisha mwaka huu Jumamosi kadhaa jioni, watu watano na vitabu vitatu, lilikuwa kama wingi huo ni utajiri au ni mzigo kwa msomaji ambaye hakulelewa na vitabu hivyo.

Wasomaji wa Uingereza walikwisha kutoa jibu lao. Katika kura kubwa ya BBC ya mwaka 2003 ya vitabu vipendwavyo, trilojia hii ilishika nafasi ya tatu. Mwaka 2007, Nishani ya Carnegie, tuzo ya Uingereza ya vitabu vya watoto, ilipotimiza miaka 70, Northern Lights ilichaguliwa kwa kura kuwa bora kati ya vitabu vyote vilivyowahi kuipata. Na The Amber Spyglass kilikuwa kitabu cha kwanza cha watoto kutwaa tuzo kuu ya Whitbread. Marekani, kwa upande mwingine, trilojia hiyohiyo ilikuwa ya pili mwaka 2008 katika orodha ya wakutubi ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi. Wanaopenda na wanaolalamika mara nyingi wanataja kurasa zilezile.

Sisi tulianza kubishana kabla hata ya kumfikia Milton, kwa sababu ya neno moja. Katika ulimwengu wa Lyra kila mtu huandamana na mnyama ambaye ni nafsi yake iliyo nje ya mwili. Mnyama wa mtoto hubadilika apendavyo, sasa nondo, baadaye paka, na mtoto akishabalehe mnyama hutulia katika umbo moja mpaka kifo. Pullman anamwita dæmon, kwa tahajia ya kale inayotuelekeza kwa Wagiriki, kwenye ile sauti ya ndani ambayo Socrates alisema ilimzuia kila alipotaka kutenda lisilofaa. Sikio la Mswahili halimsikii Socrates hapo; linasikia pepo. “Kaka, umempa mtoto kitabu cha mapepo?” dada yangu aliniuliza kwa simu baada ya kukikuta chini ya mto wa binti yake mwenye miaka 15, na akaamua kukisoma mwenyewe kwanza. Hivyo ndivyo tulivyompata msomaji wetu wa nne.

Nilijaribu kumtafutia neno jingine na sikufika mbali. Jini ana ukoo wake mwenyewe, mzuka ni wa aliyekufa, roho imekwisha kuelemewa na kazi za kanisani, na nafsi haina manyoya. Dada ndiye aliyependekeza “mwenzi” baada ya kurasa 200, na tangu hapo tumekuwa tukilitumia. Nalipenda kwa sababu halimtishi mtu na kwa sababu linabeba ile hali ya kutotengana ambayo hadithi nzima imesimama juu yake.

Kwa maana kitovu cha kitabu cha kwanza ni kituo kimoja huko kaskazini, Bolvangar, ambako watu wazima waliovaa makoti meupe, wakiwa na baraka za Kanisa la ulimwengu ule, huwakata watoto na wenzi wao ili wasije wakaguswa na dhambi wakishakua. Mimi nilipofika hapo nilikuwa nikiwinda madokezo ya kitabuni. Dada yangu ni muuguzi, na alifanya kazi miaka minne katika mkoa wa Mara. Alisema alipowaona wale wauguzi wa Bolvangar, wapole, wasafi, wakimwambia mtoto kwamba ni jambo dogo tu na litakwisha upesi, alilazimika kukifunga kitabu kwa siku tatu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba katika The Subtle Knife mchawi Ruta Skadi anasimama barazani na kusema waziwazi kwamba katika nchi za kusini ziko jamii za kidini zinazokata viungo vya siri vya watoto, wavulana kwa wasichana, kwa visu, ili wasihisi. Alilijua kabla ya kuambiwa. Nimesoma uchambuzi mwingi wa riwaya hizi, na mwingi hutumia kurasa nyingi kwa Milton na mistari michache kwa Ruta Skadi. Sishangai, kwa kuwa kila mtu hulitambua kwanza lile ambalo macho yake yamekwisha kuliona.

Msomaji wa tatu alikuwa rafiki yangu aliyesoma seminari kabla ya kugeukia uhasibu, na huyu alianza kwa furaha. Alifurahia kwamba kile kitu cha ajabu kinachotafutwa na wote, chembe zisizoonekana zinazowafuata watu wazima na kuwaacha watoto, kinaitwa Vumbi, na kwamba Lord Asriel, baba yake Lyra, anamfungulia bintiye Biblia kumwonyesha neno limetoka wapi. Biblia ya ulimwengu ule si yetu hasa, kwa kuwa Mwanzo sura ya 3 huko inasema kwamba Adamu na Hawa walipokula tunda waliziona sura za kweli za wenzi wao, lakini hukumu ni ileile ambayo sisi tuliikariri Shule ya Jumapili: “kwa maana u mavumbi wewe, nawe mavumbini utarudi.” Kwa Mwingereza wa leo huenda huo ni mstari wa mazishini tu. Kwetu ni lugha ya kila siku, na rafiki yangu alisema kwamba hapo ndipo alipoona kitabu kimemwandikia yeye.

Alicheka pia aliposoma kwamba katika historia ya ulimwengu ule John Calvin alikuwa Papa na aliuhamishia upapa Geneva. “Mkatoliki anaudhika, Mlutheri anaudhika,” alisema, “amebaki Mwanglikana peke yake wa kucheka.” Asichokijua ni kwamba alikuwa karibu sana na ukweli, kwa kuwa mwaka 2004, wakati vyama vya Wakristo wengine vikikemea, Askofu Mkuu wa Canterbury, Rowan Williams, alikwenda kuitazama tamthilia iliyotokana na trilojia hii huko National Theatre, London, akaisifu gazetini, na akapendekeza kwamba vitabu hivyo vijadiliwe katika masomo ya dini shuleni. Hoja yake ilikuwa kwamba Kanisa linaloshambuliwa humo halina Mwokozi ndani yake, na kwamba mungu anayeuawa humo siye anayeabudiwa na Wakristo.

Rafiki yangu, alipofika kitabu cha tatu, aliikubali nusu ya hoja hiyo na kuikasirikia nusu nyingine. Humo anayeitwa Mamlaka, malaika wa kwanza aliyewaongopea wengine kwamba ndiye aliyewaumba, anabebwa ndani ya sanduku la fuwele, mzee kupita kiasi, akilia na kutetemeka, na Lyra na Will, mvulana anayesafiri naye, wanapomfungulia kwa huruma, upepo unamtawanya. (Neno Mamlaka, nakiri, linanipa shida: Mtanzania akilisikia hufikiria kwanza kodi au maji, na mwanakanisa hufikiria Warumi 13.) Seminari ilikuwa imemfundisha Danieli 7, palipo na “mmoja aliye mzee wa siku”, akaona dhihaka. Mimi nilimwona mzee aliyechorwa na Blake mwaka 1794, akiinama kutoka katika jua huku ameshika bikari ya kuupimia ulimwengu, na nikaona jinsi Pullman alivyomnyang’anya nguvu zote na kumwachia uzee tu. Mpwa wangu, asiyemjua Blake na ambaye Danieli anamjua kwa habari ya simba peke yake, alisema, “Mjomba, mimi nilimwonea huruma yule babu.” Nadhani yeye ndiye aliyesoma kilichoandikwa. Lyra na Will nao hawajui wamemfungulia nani.

Ile bikari, kwa njia, ina kisa chake. Katika kitabu cha saba cha utenzi wa Milton, Mwana wa Mungu anatwaa bikari za dhahabu kuuchorea ulimwengu mipaka, na Pullman alikuwa amekusudia kuiita trilojia yake kwa jina hilo. Wachapishaji wa Marekani walidhani neno hilo linahusu kile chombo cha dhahabu anachokitumia Lyra kuuliza ukweli, wakakipa kitabu cha kwanza jina The Golden Compass, na hadi leo Wamarekani wanakijua hivyo. Kiingereza kina neno moja kwa bikari na dira. Kiswahili kina mawili, na kosa hilo lisingetupata.

Sasa niseme langu. Kitabu cha kwanza ndicho kikubwa zaidi, na sababu ni kwamba humo madokezo yamefichwa ndani ya nyama ya hadithi. Mfano ninaoupenda ni dubu Iorek Byrnison anapomruhusu Lyra amshambulie kwa fimbo kama kwa upanga; kila pigo la kweli analikinga bila jitihada, na kila pigo la hila halimtikisi hata kidogo, kwa sababu dubu hadanganyiki. Tukio hilo limetoka moja kwa moja katika insha ya Kleist ya mwaka 1810, ambamo dubu aliyefungwa mnyororo anamshinda mwanaupanga hodari kwa jinsi hiyohiyo. Kleist anauliza kwa nini kikaragosi na mnyama wana wepesi ambao mtu anaupoteza mara tu anapoanza kujitazama, na anajibu kwamba tumekwisha kula tunda la mti wa ujuzi, na kwamba njia iliyobaki ni kuuzunguka ulimwengu mzima tuone kama bustani ina mlango wa nyuma. Pullman halisemi hilo. Anatuonyesha dubu, anatuonyesha Lyra akisoma kile kipimaukweli chenye alama 36 kwa wepesi wa mtoto anayecheza, na kurasa elfu moja baadaye, akishapenda na kupendwa, wepesi huo unamtoka na anaambiwa anaweza kuupata tena kwa kusoma maisha yake yote. Mpwa wangu aliunganisha mambo hayo mawili peke yake. Nilipomwambia habari za Kleist alisema tu, “Kumbe.”

Kitabu cha tatu kinafanya kinyume. Sura zake zimetangulizwa na nukuu za washairi, kana kwamba mgeni anatambulishwa kabla hajaingia ndani, na Mary Malone, mwanafizikia aliyewahi kuwa mtawa, anasema wazi kwamba dini ya Kikristo ni kosa, lenye nguvu na lenye kushawishi, lakini kosa. Hata msomaji anayekubaliana naye, na miongoni mwetu alikuwapo mmoja, anajiona amehamishwa kutoka hadithini akapelekwa mhadharani. Blake alisema kwamba Milton alikuwa wa upande wa Shetani bila kujijua, na Pullman amezoea kusema kwamba yeye ni wa upande huo na anajijua. Kwangu mimi huko kujijua ndiko kunakokiponza kitabu cha tatu. Utenzi wa Milton una joto kwa sababu mtunzi anavutwa pande mbili. Pullman amekwisha kuamua upande, na panapokosekana mvutano ndani ya mtunzi msomaji anausikia ukimya wake.

Isipokuwa kwa Asriel. Huyo baba mkubwa, mzuri, mkatili, ambaye bintiye anavuka barafu kumfuata na asipate alichokitarajia, Pullman hajaamua juu yake, na nina sababu ya kudhani ninajua kwa nini. Baba yake mwandishi alikuwa rubani wa Jeshi la Anga la Uingereza na alikufa katika ajali ya ndege nchini Kenya mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau, Philip akiwa na miaka saba, akapewa nishani baada ya kufa. Mtoto aliyerithi shujaa, na ambaye baadaye akiwa mtu mzima lazima ajiulize ushujaa ule ulimwangukia nani kule chini, ana haki ya kumwandika Asriel hivyo. Nakiri kwamba hilo ni dhana yangu na kwamba msomaji wa Norwich, alikozaliwa Pullman, hana haja nalo.

Msomaji wa tano, rafiki yangu Mzanzibari anayefundisha fasihi ya Kiswahili, hakuwa na subira na ugomvi wetu wa Wakristo. Alisema kwamba tumesahau uasi mwingine. Kwa Milton, Shetani anaasi kwa sababu Mwana ametukuzwa juu ya malaika. Katika Kurani, Sura ya Al-A‘raf, Iblis anakataa kumsujudia Adamu, akitoa hoja kwamba yeye ameumbwa kwa moto na mwenzake kwa udongo. Akisoma Pullman, alisema, aliona kisa hicho kimegeuzwa ndani nje: malaika wa riwaya hizi ni wepesi kama mwanga, hawana nguvu za mwili, na wanawaonea wanadamu wivu kwa ajili ya udongo wao, kwa ajili ya ngozi na harufu na tunda mdomoni, mpaka Metatron, ambaye zamani alikuwa Henoko wa Biblia, anaangamia kwa sababu bado anautamani mwili. “Iblis alidharau udongo,” alisema, “hawa wanaulilia.” Sijui kama Pullman aliwahi kuifikiria Sura hiyo. Dokezo hilo lilikuja na rafiki yangu kutoka nyumbani kwake, na tangu siku ile sijaweza kuwasoma Balthamos na Baruch, malaika wawili wa riwaya hizo, bila kulikumbuka.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa ya nchi ya wafu, anakoshuka Lyra katika kitabu cha tatu. Msomi wa Ulaya huko humwona mshairi wa Kirumi Virgil, kitabu cha sita cha utenzi wake wa Aeneid, na mpiga kasia anayewavusha marehemu; sisi tulikwama mahali padogo zaidi. Lyra ni mwongo hodari, uongo umemwokoa katika kila kurasa, na anapojaribu kumtongolea hadithi ya kubuni yule ndege mchafu mwenye uso wa mwanamke anayelinda lango, ndege anamrukia na kupiga kelele neno la Kiingereza la “mwongo”, ambalo kwa matamshi ni sawa kabisa na jina lake, hata asiweze kusikia kama anatukanwa au anaitwa. Baadaye, anapowasimulia wafu habari za kweli za matope na moto wa kuchomea matofali huko Oxford, ndege wale wale wanatua na kusikiliza. Nilisema kwamba hapo mfasiri wa Kiswahili atashindwa, aweke tanbihi aendelee na safari.

Mpwa wangu alikaa kimya, akachukua penseli, akaandika pembeni mwa ukurasa. Alisema msichana aitwe Lila. Na yule ndege, badala ya kumwita mwongo, amzungukie juu ya kichwa akilia, “Fila! Fila!”

“Lila na fila havitangamani,” alisema Mzanzibari taratibu.

“Ndiyo, Mwalimu,” mpwa wangu alimjibu. “Ila kwake yeye vimetangamana.”